Tamko la Wakazi na Wafanyabiashara wa Galbet Kuhusu Misamaha ya Ushuru kwa Miradi ya Dini

Sisi wanachama wa chama cha wakazi na wafanyabiashara wadogo wa wadi ya Galbet, mjini Garissa, tunatoa tamko hili kwa serikali ya kaunti, kwa Bunge la Kitaifa na kwa viongozi wetu wa dini. Wengi wetu ni Waislamu, wengine ni Wakristo, na msimamo wetu ni mmoja. Mahali pa ibada pasitozwe ushuru. Biashara itozwe, hata ikiwa mwenye nayo ni msikiti au kanisa.

Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura 470, katika Jedwali la Kwanza, husamehe mapato ya taasisi zilizoundwa kuondoa umaskini, kueneza elimu au kuendeleza dini, mradi ziwe na cheti cha Mamlaka ya Ushuru, KRA. Hilo hatulipingi. Kodi ya vyumba vya waqfu inalipa walimu wa madrasa na kulisha mayatima, na anayetaka kuigusa atupate sisi kwanza. Tunachopinga ni giza. Chini ya sheria hiyo hiyo taasisi ya dini inaweza kukodisha maduka kando ya barabara na kusamehewa ushuru wa kodi hiyo, na jirani asijue pesa zimekwenda madrasa au zimekwenda mfukoni mwa mtu.

Sokoni hali ni nyingine. Mama anayeuza maziwa ya ngamia huteremsha madumu yake ya manjano alfajiri, na mtoza ushuru wa kaunti humfikia hata kabla hajapata wateja wa kutosha. Asiye na risiti hana pa kukaa. Anayeleta mbuzi soko la mifugo naye hulipa kwa kila kichwa. Hawa hawana wakili wa kuwaombea msamaha. Kila shilingi inayosamehewa mradi mkubwa bila sababu, mzigo wake huwaangukia wao.

Tumeona mambo haya yanavyoweza kufika mbali. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, shirika la Kikristo la Answers in Genesis lilijenga bustani ya burudani yenye mfano wa safina ya Nuhu, ambayo watu huingia kwa tiketi. Liliomba kurejeshewa ushuru wa mauzo, kiasi kinachoweza kufika dola milioni 18 katika miaka 10. Desemba 2014 serikali ya jimbo ilikataa, kwa kuwa mradi ulikusudia kuajiri watu kwa kigezo cha imani. Januari 2016 jaji aliamua kwamba mradi usinyimwe nafuu hiyo kwa sababu ya dini yake, na bustani ikafunguliwa Julai mwaka huo. Kwa maoni yetu, mradi unaouza tiketi na kubagua waajiriwa kwa imani haustahili hazina ya umma, uwe wa safina au wa Makka. Garissa haina bustani ya namna hiyo, na ndiyo sababu tunasema mapema.

Katiba ya 2010 imetuachia zana za kutosha. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 209 kinazipa kaunti mamlaka ya kutoza ushuru wa burudani na ada za ardhi. Kifungu cha 210 ndicho tunachokishikilia zaidi: hakuna msamaha bila sheria, na kila msamaha uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, kisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe.

Tunayasema haya pia kwa walio juu. Julai 2025 Rais William Ruto alipokiri kwamba anajenga kanisa Ikulu, Nairobi, kwa pesa zake, kesi ilifikishwa mahakamani. Hata pesa zikiwa zake, ardhi ya Ikulu ni ya Wakenya wa kila imani na wasio na imani.

Asije mtu kudai kwamba Galbet inawapiga vita Wakristo. Makanisa mawili ya mji huu yaliposhambuliwa Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walijitolea kutoa vijana wa kuyalinda. Ujirani huo ndio tunaoulinda leo, kwa sababu upendeleo wa siri huzaa chuki upesi sana.

Kwa hiyo tunaitaka kaunti ibandike katika ofisi za wadi orodha ya kila msamaha wa ada iliotoa, jina la aliyepewa na sababu, kabla ya kuleta mswada wake ujao wa fedha. Tunaitaka KRA itangaze taasisi za dini zenye vyeti hapa Garissa. Maimamu, wachungaji na wasimamizi wa waqfu tunawaomba wasomee waumini hesabu za mwaka bila kungoja kushurutishwa. Na waheshimiwa wa bunge la kaunti wajue kwamba mradi wowote wa burudani utakaovishwa jina la dini ili ukwepe ushuru, tutaupinga kwenye vikao vya umma, na ikibidi mahakamani.

Limetolewa Galbet, Garissa, kwa niaba ya wanachama wote.