Makanisa ya Juba yamejifunza, mpaka bado

Mfanyabiashara anayefika Juba kutoka Kampala, Eldoret au Arusha, akienda kusali Jumapili, hukuta jambo la kumfaa hata sokoni Jumatatu. Katika makanisa mengi ya mji huu ibada si moja. Kuna ya Kiingereza, kuna ya Kiarabu cha Juba, na kuna ya Kibari, Kidinka, Kizande au lugha nyingine ya wenyeji. Kanisa ni lile lile na Injili ni ile ile, ila saa zimegawanywa ili kila mtu asikie kwa lugha anayoielewa.

Utaratibu huu haukuja wenyewe. Ulichukua muda mrefu na mabishano mengi, na wanaosimamia biashara yetu ya mpakani wana la kujifunza humo.

Hoja yenyewe ni ya zamani. Mtume Paulo aliwahi kuwahoji Wakristo wa Korintho kuhusu mtu anayetakiwa kuitikia Amina baada ya sala ambayo hakuielewa. Kuitikia Amina ni kukubali, na asiyeelewa hawezi kukubali kwa dhati. Hata hivyo, kwa karne nyingi Wakatoliki walisikiliza Misa kwa Kilatini. Muumini wa Juba, kama mwenzake wa Bagamoyo, aliweza kufundishwa katekisimu kwa lugha aliyoijua, lakini padri alipopanda altareni lugha ilibadilika. Mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963.

Waanglikana walitangulia. Kanisa la Uingereza liliacha Kilatini na kuanza kutumia kitabu cha sala cha Kiingereza mwaka 1549. Wamisionari wake walipofika kwetu, walikuja na desturi hiyo. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitafsiri sala za asubuhi na jioni kwa Kiswahili, zikachapwa mwaka 1854. Kule Zanzibar, Askofu Edward Steere alijenga kanisa kuu Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Miongoni mwa waumini wake wa kwanza walikuwamo watu waliokombolewa utumwani, waliotoka makabila mbalimbali ya bara, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilichapwa mwaka 1891. Huko Buganda, Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896.

Hapa Sudan Kusini njia ilikuwa na kona zaidi. Mwaka 1928 watawala wa kikoloni na wamisionari walikutana Rejaf, kusini kidogo mwa Juba, wakachagua lugha za kufundishia shule za awali. Miongoni mwazo zilikuwa Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluki, Kilotuko na Kizande. Vitabu vya sala na nyimbo navyo vikaendelea kuandikwa kwa lugha hizo. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa kijiji chenye lugha moja. Mjini ulikuwa na upungufu, kwa sababu mji hauna kabila moja.

Watu wa mjini walikuwa na lugha yao tayari. Kiarabu cha Juba kilizaliwa karne ya 19 katika kambi za askari na wafanyabiashara waliotoka kaskazini. Ndugu yake ni Kinubi, kinachosemwa hadi leo Bombo nchini Uganda na Kibera jijini Nairobi. Kwa miaka mingi wasomi walikidharau wakikiita Kiarabu kilichovunjika.

Baada ya uhuru wa mwaka 1956, serikali ya Khartoum ilitaka kueneza Kiarabu na Uislamu kusini kwa amri. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ilihamishwa kutoka Jumapili kwenda Ijumaa. Mwaka 1964 wamisionari wa kigeni walifukuzwa. Watu walikipinga Kiarabu cha amri, lakini hawakukiacha Kiarabu cha Juba. Hakuna aliyewalazimisha kukisema. Kilikuwa lugha ya jirani, ya soko na ya kisima. Vita vilipowarundika pamoja watu wa makabila mengi, wakakitumia pia kusali pamoja. Katika vita hivyo hivyo Wadinka wa Bor walitunga nyimbo nyingi mpya za ibada kwa Kidinka, na mmoja wa watunzi waliojulikana sana ni mwanamke, Mary Alueel Garang.

Historia hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, lugha haiingii mioyoni kwa amri. Pili, huwezi kudai kwamba mtu amekubali kabla hajaelewa.

Sasa twende Nimule. Kwa mfanyabiashara, saini ndiyo Amina yake. Mama anayevusha nyanya na vitunguu kutoka Elegu hupewa karatasi ya Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kuweka kidole gumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, imeweka cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa shehena isiyozidi dola 2,000, ili mdogo naye afaidi soko la pamoja. Lakini cheti kinachosomwa na wakala peke yake si rahisi kwa mwenye mzigo. Atamlipa wakala amweleze anachotia saini, na hana namna ya kujua kama ameambiwa kweli. Atatozwa, na hatajua kama ni ushuru halali au ni chai ya mtu.

Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 137, unasema Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wetu. Gazeti hili linaunga mkono jambo hilo, na ndiyo sababu tunaandika kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili kisije Juba kama kilivyokuja Kiarabu cha amri. Katiba ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 imeweka Kiingereza kuwa lugha ya kazi za serikali na kutaka lugha zote za wenyeji ziheshimiwe. Wanaohofia lugha nyingine ya kutoka nje wana sababu ya kuhofu, na tusiwabeze.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Viwango vya ushuru na ada vibandikwe wazi Nimule na Elegu, Kaya na Oraba, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Fomu za wafanyabiashara wadogo zitafsiriwe vivyo hivyo. Na kwa kuwa si kila mtu anajua kusoma, awepo mtu dirishani wa kueleza kwa mdomo bila malipo, na matangazo yatolewe kwa vipaza sauti na redio.

Wako watakaosema ni gharama, au kwamba Kiarabu cha Juba hakina maandishi yaliyokubalika. Makanisa nayo yalikuwa na fedha kidogo, na waumini wengi wasiojua kusoma walizishika nyimbo na sala kwa kichwa kwa sababu waliambiwa kwa lugha yao. Ubao wa bei si kazi kubwa kuliko Biblia.

Nasi wafanyabiashara tunaotoka nje tuna wajibu wetu. Tusikae Konyo Konyo miaka mitano tukidai kila mteja ajue Kiswahili. Anayesema soko na anayesema suk tayari wako karibu. Sala, baraka, kitabu na hesabu, asili yake ni moja na ya maneno yanayosemwa hapa. Tujifunze Kiarabu cha Juba, na wenyeji wataona faida ya kujifunza Kiswahili chetu.

Tarehe 7 Julai huadhimishwa Siku ya Kiswahili Duniani, na hotuba huwa nyingi. Kabla ya siku hiyo kufika tena, tungependa kuona ubao mmoja wa ushuru pale Nimule ambao mama wa nyanya anaweza kuuelewa kabla hajaweka kidole chake.