Kunguni Si Aibu ya Bi Harusi



Bi harusi wa siku hizi hufundishwa mengi kabla ya kutoka kwao. Somo humfundisha kusinga, kujifukiza udi, kupanga chumba na kukaa vizuri na mume na wakwe. Mama humwonyesha mapishi. Lakini ni nadra kusikia kungwi akimkalisha mwari na kumwambia: mwanangu, huyu ndiye kunguni, hapa ndipo anapojificha, na hivi ndivyo anavyotolewa. Kisha siku mdudu akionekana kwenye shuka, lawama yote humwangukia yeye. Wifi ataguna, jirani atanong'ona, naye atatoka kwa siri kwenda kununua dawa asiyoijua hata jina.

Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo maana tunaandika. Sisi ni wanawake tunaoshona na kuuza nguo Ndalambo, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, upande wa Tunduma kwenye mpaka wa Zambia. Ni mbali na visiwani, lakini kunguni wa huku na wa huko ni mmoja, na aibu ni ile ile. Maoni yetu ni haya: elimu ya wadudu wa nyumbani iingie katika mafunzo ya bi harusi, na aibu itolewe. Mdudu humsumbua mtu, lakini sumu iliyonunuliwa kwa kujificha ndiyo inayoua.

Tuanze na huyo kunguni. Ni mdudu bapa wa rangi ya kahawia, urefu wake kama nusu sentimita, na akishiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Haruki wala hana mbawa za kurukia. Hutembea, na husafiri ndani ya mabegi, magodoro, makochi na nguo. Mchana hujificha kwenye mishono ya godoro, nyufa za chaga na nyuma ya ubao wa kichwani. Ukitaka kumjua, usimtafute yeye kwanza. Tafuta vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu kwenye pindo la godoro, na maganda membamba aliyoyavua. Anachofuata ni damu, hafuati uchafu. Mwaka 2023 mji wa Paris, Ufaransa, ulijaa malalamiko ya kunguni hadi kwenye treni na kumbi za sinema, na hakuna aliyesema wanawake wa Paris hawajui kufagia. Kwa hiyo wifi akimwona kunguni chumbani kwako, amwone kama mgeni aliyeingia na mzigo, asimwone kama cheti cha uvivu wako.

Huku mpakani tunaona anavyoingia. Kila siku watu wanapita na mabegi, wanalala gesti, wananunua makochi na vitanda vilivyokwisha tumika. Visiwani kuna boti, wageni na biashara hiyo hiyo ya vitu vya mtumba. Dada unayeanza maisha, kitanda cha mtumba si dhambi, lakini kikague kwenye viungo na matundu ya skrubu kabla hakijavuka mlango. Begi la safari usiliweke juu ya kitanda.

Akiwa ameshaingia, silaha ya kwanza ni joto. Kunguni na mayai yake hufa kwenye joto linalozidi nyuzi 50 likiwafikia sawasawa. Fua shuka, foronya na chandarua kwa maji moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Fungua kitanda, mimina maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao. Na sisi mafundi tunakuongezea: pasi yenye mvuke, ipitishwe taratibu kwenye mishono ya mapazia na vitambaa vya makochi, inafika pale ambapo mkono haufiki. Kuanika godoro juani peke yake hakutoshi, maana kunguni hukimbilia upande wa kivuli. Baada ya siku 10 hadi 14 rudia kazi yote, kwa sababu mayai yaliyobaki huwa yameanguliwa. Dawa nyingi za kupuliza hazimwezi tena kunguni wa leo, amezizoea. Na tafadhali, usimwagie kitanda petroli wala mafuta ya taa. Nyumba huungua.

Kabati la nguo lina wadudu wake. Wateja hutuletea gauni la harusi au mtandio wa hariri wenye vitundu, wakidhani kitambaa kilikuwa kibovu. Mara nyingi ni nondo. Nondo mzima hali nguo, wanaokula ni funza wake, nao hupenda sufu, hariri na manyoya. Pamba na polista hawazigusi sana, isipokuwa zikiwa na jasho au mafuta ya chakula. Mende naye hutafuna kitambaa chenye wanga na mabaki ya pilau. Basi nguo ya harusi isirudi kwenye begi ikiwa na harufu ya karamu. Ifue au ipeleke kwa dobi, ikauke kabisa, ndipo uikunje. Karafuu na majani makavu ya mwarobaini husaidia kufukuza wanaotaka kuingia, lakini hayamuui aliyekwisha kuwemo.

Vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyouzwa madukani viogopeni zaidi kuliko mnavyoviogopa sasa. Mtoto akivimeza ni hatari kubwa. Hata mvuke wake tu, ukiwa kwenye nguo za kichanga, unaweza kuvunja chembe za damu za mtoto aliyezaliwa na upungufu unaoitwa G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida kwetu watu wa maeneo yenye malaria. Vishuka vya uzazi na nguo za mtoto zisikae na nafthalini kabisa.

Sasa jambo linalotuhusu sana watu wa Ndalambo, nalo ni mahindi. Huku ni nchi ya mahindi, na mama wengi huhifadhi magunia chumbani wanamolala, kwa sababu ndiko kuliko na kufuli. Adui ni fukusi, na mkubwa wao ni dumuzi. Dumuzi si wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimpa jina la Scania, kama lile lori. Hula mahindi na mihogo mikavu mpaka ibaki unga, na hutoboa hata mbao.

Kwa kumwogopa yeye, watu hutia ndani ya magunia vidonge vya kufukizia nafaka, kisha wanalala humo humo. Dada zetu, vidonge vyenye aluminiamu fosfaidi vikikutana na unyevunyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaua binadamu kama inavyoua dumuzi, na haina dawa ya kuipoza. Wengine huvitumia hata kwa kunguni, chini ya kitanda cha watoto. Msikubali. Kazi ya vidonge hivyo ni ya mtaalamu, kwenye ghala lisilolalwa na mtu. Nyumbani kuna mifuko maalumu yenye tabaka za ndani zisizopitisha hewa. Mahindi yakikauka vizuri yakafungwa humo, wadudu hukosa hewa wakafa bila sumu yoyote, na ugali unabaki salama. Mume akiuliza bei, mwambie ahesabu gunia linalogeuka unga wa dumuzi.

Mende na panya wanataka vitu vitatu tu: chakula, maji na tundu. Mende huchafua chakula kwa vijidudu vya kuhara, na kinyesi chake huamsha pumu. Panya naye si wa kuchezewa. Wilaya ya Lushoto, Tanga, ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na tauni huletwa na viroboto wa panya. Tiba yao huanza jioni. Osha vyombo kabla ya kulala, kausha sinki, funika pipa la taka, ziba matundu kwa saruji au waya. Hili si geni katika dini yetu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kufunika vyombo usiku, kufunga milango na kuzima taa, na akatuonya kuwa panya anaweza kuvuta utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Ukihitaji zaidi, tumia mtego kwa panya, na chambo cha jeli kwa mende, kiwekwe ndani ya nyufa ambako mtoto hafiki. Kumbuka pia sumu ya panya humuua hata paka aliyemla panya huyo.

Tumebakiza yule kijana wa sokoni mwenye kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto! Bei yake ni ndogo, na huuza kwa siri bila kuuliza swali, ndiyo maana mwanamke mwenye aibu humkimbilia. Lakini uliza: ndani ya hicho kichupa mna nini? Huku Bara viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na dawa halali ina lebo yenye jina, kipimo na onyo. Isiyo na lebo, hata daktari hatajua amtibu mtoto wako kwa nini. Dawa yoyote isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Na mtoto akimeza, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kituo cha afya, na chukua kopo la dawa uende nalo.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya ndani, hayafai kutangazwa. Tunawaelewa, sitara ni jambo jema. Lakini kunguni hapigi hodi kwa jirani. Nyumba zetu nyingi zina vyumba vya kupanga vyenye ukuta mmoja, na anayeficha huwaambukiza watano, kisha wale watano wakamrudishia yeye. Ukimwambia jirani mapema mkafanya usafi siku moja, mmemaliza. Na akina baba wasikae pembeni. Kuziba ufa, kufungua kitanda na kununua mfuko wa nafaka ni kazi za mwenye nyumba pia.

Kwa hiyo tunawaomba masomo, makungwi na mama wakwe: katika siku za kumkalisha ndani bi harusi, tengeni saa moja ya haya. Mfungulieni godoro mumwonyeshe mshono, mwonyesheni lebo ya dawa, mwambieni kwamba akiona mdudu aje aseme, hatasimangwa. Na wewe mkwe, bi harusi akikujia na habari ya kunguni, mjibu kwa neno moja: tuchemshe maji.

Allah azijaalie nyumba zetu usafi, salama na mapenzi. Aamin.