Nani Kasema Kariakoo Hakukimbiliki?

Mwezi uliopita kundi letu la wakimbiaji lilituma orodha ya njia kumi nzuri za kukimbia Dar es Salaam. Daraja la Tanzanite limetajwa mara mbili. Coco Beach ipo. Masaki ipo, Oysterbay chini ya miti ipo. Nikasoma mpaka mwisho nikitafuta mtaa mmoja tu wa Kariakoo au Ilala. Hakuna. Nilipouliza, jibu lilikuja haraka na alama ya kicheko: "Kariakoo hakukimbiliki, dada. Hakuna mandhari."

Jioni ile ile rafiki yangu anayesoma Uswisi, jimbo la Valais, akanitumia picha ya njia anayokimbia asubuhi. Milima yenye theluji kwa nyuma, mizabibu imepandwa ngazi kwa ngazi mpaka chini bondeni, na kijia chembamba kinapita katikati. Nikaipeleka kwenye kundi. Wote wakasifu. Mmoja akaandika: "Sasa hiyo ndiyo mandhari."

Naandika kuwapinga, na naanza na kijia hicho hicho.

Nilimuuliza rafiki yangu nani alikitengeneza. Akaniambia ni njia ya kazi. Tangu zama za kati, wakulima wa Valais walichimba mifereji ya kuteremsha maji ya theluji kutoka mlimani hadi mashambani. Kando ya mfereji iliachwa njia ya mlinzi wa maji, apite akizibua majani na kuziba nyufa. Kuta za mawe zinazoshikilia mizabibu zilijengwa kwa mikono ya watu, na hadi leo kuna watu wanainama pale kuvuna. Anayekimbia Valais anakimbia katikati ya kazi za watu. Ila kazi hizo ni za mbali, na siku ya kupiga picha wenye kazi hawakuwepo. Sisi tumezoea kuita kazi ya wenzetu mandhari, na kazi ya mama zetu tunaiita msongamano.

Sasa njia yangu hii hapa, anayetaka aichukue.

Natoka nyumbani Mtaa wa Likoma saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nashika Mkunguni hadi Soko Kuu, lile alilolisanifu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, lenye paa la zege mfano wa miavuli iliyopinduliwa. Moto uliliunguza Julai 2021, nami niliuona moshi wake nikiwa dirishani. Saa hizo makuli wameshaanza kushusha mizigo, maguta yanapita na marobota, na mzee wa kahawa amekaa na birika lake na sahani ya kashata. Wiki ya kwanza walinipigia kelele: "Dada, nani anakukimbiza?" Nikajibu: "Tasnifu!" Walicheka, ingawa sidhani walinielewa. Siku hizi wananihesabia mizunguko.

Kutoka sokoni nakatisha hadi Lumumba, kisha Mnazi Mmoja. Hapa huwa napunguza mwendo. Nasoma shahada ya umahiri katika historia, na kiwanja hiki nimekikuta vitabuni kabla sijakikimbia. Wakoloni waliliacha eneo hili wazi makusudi ili liwatenge watu: upande mmoja Uzunguni na Uhindini, upande wa pili Kariakoo ya Waafrika. Walisema ni kwa ajili ya afya. Baadaye Waafrika wale wale wakakifanya kiwanja cha mikutano yao ya siasa, na leo umesimama hapo Mnara wa Uhuru. Kwa hiyo mtu anayeniambia Kariakoo si mahali pa kukimbia, hata kama hajui, anarudia mpaka uliochorwa na wengine karibu miaka mia iliyopita.

Nikivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed nafika Samora, kwenye Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka pia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps, na kutoka hapo tukapata jina Kariakoo. Mtaa huu umepewa jina la watu waliotembea na mizigo kichwani mpaka wengi wakafa. Halafu tunaambiwa hapafai kwa miguu!

Kutoka Samora nateremka hadi baharini, napita kanisa la Azania Front, nafika Feri wakati mnada wa samaki umechangamka. Ni kilomita tatu hivi kwenda, tatu kurudi. Nimekimbia Daraja la Tanzanite pia, na sina ugomvi nalo. Upepo wake mtamu. Lakini kwa miaka miwili nilipanda bodaboda kutoka Kariakoo hadi Masaki ili nikakimbie, halafu nikapanda bodaboda kurudi. Nilikuwa nalipa nauli ili nisionekane kwetu.

Najua mtakachosema. Kariakoo kuna magari, kuna mashimo, kuna hatari. Kweli. Na hatari kubwa kuliko zote nilielezwa na kaka yangu nilipomwomba tukimbie wote. Alisema: "Wewe ukikimbia watacheka. Mimi nikikimbia gizani Mtaa wa Congo, mtu mmoja tu akisema mwizi, nimekwisha." Sikuwa na jibu. Huko Masaki kijana akikimbia ni mwanamichezo. Kariakoo kijana huyo huyo, na viatu vile vile, ni mtuhumiwa. Na nchi hii ndiyo ya Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974. Ndiyo nchi ya Alphonce Simbu, aliyeshinda mbio ndefu za ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025. Tunawashangilia kwenye televisheni, lakini mtaani mvulana mwenye haraka tunamtazama mifuko.

Ila haya hayaonyeshi kwamba Kariakoo hakufai. Yanaonyesha kwamba wenye sauti wamehama. Mama yangu hutoka saa kumi alfajiri na beseni la maandazi kwenda Gerezani, kituo cha mwendokasi. Anatembea barabarani, ubavuni mwa magari, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu imejaa magari yaliyoegeshwa. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kandokando ya barabara, tukaambiwa ni ili watu wapate pa kupita. Mtaani kwetu, walipoondoka machinga, waliopata nafasi ni wenye magari. Nani alilalamika? Si sisi wakimbiaji, maana tulikuwa Coco tunanyoosha misuli. Kila njia nzuri tunayoisifu huwa tunaiombea pia taa, usafi na ulinzi. Tunazielekeza huduma hizo kule ambako tayari zipo.

Na kuna jambo kubwa zaidi linakuja. Sisi pia tuna bonde. Bonde la Msimbazi linaanzia juu Pugu, linapita Jangwani, hatua chache kutoka sokoni, mpaka baharini. Nalo lina mazao yake: badala ya zabibu kuna mchicha, na wanaoumwagilia huamka mapema kuliko mlinzi yeyote wa mfereji. Desemba 2011 mto ulifurika ukaua watu, na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande. Sasa kuna mradi wa kuliendeleza bonde, ukiwa na mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022. Ndani yake mna daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya mji. Watu wamelipwa fidia, nyumba zimevunjwa. Sipingi, hakuna anayetaka mtoto alale kwenye maji. Lakini bustani itakuwa na njia, na njia itakuwa na watu wake. Je, kutakuwa na geti na kiingilio? Mama mwenye beseni ataruhusiwa kukatisha kwenda Gerezani, au mlinzi atamwambia azunguke kwa sababu anaharibu mandhari? Mkulima wa mchicha atakuwa sehemu ya bonde, kama mvunaji wa Valais, au ataondolewa ili tupate pa kupigia picha?

Maswali hayo yanajibiwa sasa, kabla mti wa kwanza haujapandwa. Watu wanaokuja na barua, picha na kelele mitandaoni ndio husikilizwa. Sisi tunavijua vyote vitatu. Tunajua hata kupima njia kwa mita na kuonyesha penye giza. Tukiendelea kuamini kwamba mandhari ni mahali pasipo na watu, bonde litatengenezwa kwa kipimo chetu hicho, na watakaofukuzwa ni mama zetu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Orodha ile iongezwe njia ya kumi na moja: Likoma, Soko Kuu, Mnazi Mmoja, Feri. Na mje. Jumamosi, saa kumi na moja na nusu, tunakutana kwa mzee wa kahawa, nyuma ya Soko Kuu. Kaka yangu amesema tukifika kumi na yeye atakimbia, maana kundi la watu kumi halipigiwi kelele za mwizi. Mpaka naandika hapa, tuko wanne.