AFYA NA MALEZI: Mtoto Anapoomba Mnyama Wake

Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo akina baba wengi huliona la mchezo, lakini sisi tunaoshinda na watoto tunajua uzito wake. Mtoto wa miaka minne au mitano akishaona kitoto cha paka kwa jirani, au sungura kwa shangazi yake, nyumbani hakukaliki. "Mama, na mimi nataka wangu." Utamwambia angoje, kesho yake anauliza tena. Wapo wanaoishia kumletea chochote kilichopatikana ili anyamaze, na hapo ndipo taabu inapoanza, maana mnyama hatupwi uvunguni kama mwanasesere aliyechokwa.

Kabla ya kuuliza mnyama yupi, jiulize ni nani atakayemtunza. Mtoto aliye chini ya miaka saba hawezi kukumbuka maji na chakula kila siku. Leo atakumbuka mara tano, kesho ataenda kucheza mpira wa makaratasi asikumbuke hata mara moja. Kwa hiyo mnyama wa mtoto mdogo ni mnyama wa mama, mtoto ni msaidizi. Kama una mtoto mchanga mgongoni, shamba la ufuta linakungoja na maji yako mbali, si dhambi kumwambia mwanao, "Sasa hivi hapana, tungoje mwaka ujao." Kumkatalia si ukatili. Kumwacha kiumbe cha Mungu afe kwa kiu ndani ya tenga ndio ukatili.

Ukiniuliza mimi, mnyama wa kwanza wa mtoto wa huku kwetu ni kuku. Najua wengine watacheka. Kuku tunao tangu zama za bibi zetu, kuna jipya gani? Lakini kuku ana sifa ambazo sungura wa mjini hana: anajitafutia, haumi, amezoea joto letu, na mtoto anaweza kumfuata tangu kifaranga mpaka atage. Mpe mtoto wako tembe mmoja, amchague mwenyewe, ampe jina. Amtafutie mchwa, amwekee maji kwenye kifuu asubuhi, amhesabie vifaranga jioni kabla ya kufunga banda. Nimeona watoto waliojifunza kuhesabu hivyo kabla ya kuingia darasa la kwanza, kwa sababu mwewe akichukua mmoja hesabu haikubali.

Sasa nina neno na sisi wazazi. Tuna desturi ya kumwambia mtoto, "Kuku huyu ni wako." Mtoto anaamini. Anamlisha miezi sita. Siku anakuja mjomba kutoka Nachingwea, saa nne asubuhi, kuku wengine wameshatawanyika, na aliye karibu ni yule mpole anayekuja akiitwa, kwa kuwa amezoeshwa mkono wa mtoto. Anakamatwa, anachinjwa. Mtoto anarudi kucheza anakuta manyoya. Akilia anaambiwa, "Nyamaza, mgeni atakusikia." Akikataa kula anaambiwa ana deko.

Mama mwenzangu, hapo mtoto hakulilia kuku tu. Amejua kwamba neno la mama yake lina mwisho pale mgeni anapopiga hodi. Kesho ukimwambia, "Niambie ukweli, sitakupiga," kwa nini akuamini? Kama unajua kuku wote wa nyumba hiyo ni kitoweo, na hilo si kosa, basi mwambie tangu mwanzo: tunamfuga, tunampenda, siku moja tutamla au tutamwuza ununuliwe madaftari. Watoto wanaweza kubeba ukweli huo kuliko tunavyodhani. Ila ukisema ni wake, awe wake, na mjomba ale samaki.

Adui mkubwa wa kuku huyo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na mtoto akaamka asubuhi hana hata mmoja. Chanjo yake ipo. Ile ya tone la jicho inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani. Tone moja katika jicho moja, kisha kurudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo akina mama wa mtaa mmoja wanaweza kuchangiana, wakapanga siku moja na afisa mifugo. Kuku achanjwe akiwa mzima. Akishaanza kusinzia na kushusha mabawa, chanjo haimsaidii tena.

Na mikono! Vifaranga, bata na hata kobe hubeba vijidudu vya salmonela bila wenyewe kuonekana wagonjwa. Mtoto anayembusu kifaranga mdomoni, au anayemshika kisha akala muhogo bila kunawa, anaweza kuharisha vibaya. Aliye chini ya miaka mitano ndiye anayeumia zaidi. Sabuni na maji viwe karibu na banda, visiwe ndani ya nyumba, maana mtoto hatakumbuka kuingia ndani.

Kuhusu sungura nitasema kwa kifupi. Ni mnyama mzuri, mtulivu, hana kelele, lakini anaumizwa na joto kuliko tunavyojua. Hatoi jasho kama sisi, hupoza mwili kwa masikio yake makubwa. Banda la mabati juani, kwa jua la Lindi, litamwua mchana mmoja. Liwekwe chini ya mwembe au mkorosho, liinuliwe kutoka ardhini, na miguu yake ikae ndani ya makopo yenye oili chafu ili siafu wasipande usiku. Asiinuliwe kwa masikio. Ashikwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya matako, kwani akirusha miguu kwa hofu anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Mtoto wa miaka minne hawezi kushika hivyo. Basi akae chini, apakatishwe. Ndugu zetu wa Iringa na Njombe hufuga simbilisi, wanyama wadogo wa jamii ya panya wasio na mkia, ambao ni wapole sana na ni nadra kuuma. Ukimpata kumbuka jambo moja: mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, hivyo asipopata majani mabichi kila siku ataugua.

Paka nampenda kwa sababu anafanya kazi. Nyumba yenye mahindi na karanga haikosi panya, na paka mmoja anatosha kulinda ghala. Tena majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao paka ni mgeni wa heshima ndani ya nyumba, tofauti na mbwa ambaye mate yake ni najisi kwao. Mtoto wako akiwa na paka, wenzake watakuja kucheza bila shida. Ukiwa na mbwa, uwe na kamba pia, na usimwache akimbilie watu wanaokwenda kuswali. Hilo ni suala la ujirani mwema tu.

Akina mama wajawazito huniuliza kliniki, "Shikamoo dada nesi, eti nimtupe paka? Nimeambiwa ataharibu mimba." Usimtupe. Ugonjwa wenyewe unaitwa toksoplazima, nao hupitia kwenye kinyesi cha paka, kwenye udongo uliochafuliwa, na kwenye nyama isiyoiva. Kinyesi kibichi huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kiondolewe kila siku, na kiondolewe na mtu mwingine, siyo wewe mwenye mimba. Nawa mikono ukitoka bustanini, pika nyama iive. Kumpapasa paka mgongoni hakukuletei ugonjwa huo. Kinachopatikana zaidi kwa kupakata paka ni choa na mapunye. Ukiona paka ana mabaka yasiyo na manyoya, mtoto asimpakate mpaka atibiwe.

Sasa nije kwa mbwa, na hapa naomba usome polepole. Mtoto wa mbwa anavutia kuliko wanyama wote, lakini ndiye anayetaka tahadhari kubwa kuliko wote. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa duniani, 99 kati ya 100, huletwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, hivyo mara nyingi hung'atwa usoni na kichwani, karibu na ubongo ambako virusi hivyo vinakwenda. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza, sisi wauguzi hatuna tena la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu.

Lakini kabla ya dalili, kinga ipo, na imekuwapo tangu Julai 1885, mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, alipochomwa sindano ya chanjo ya Louis Pasteur kule Paris, naye akapona. Mkoa wetu unalijua jambo hili. Kati ya 2010 na 2015 Tanzania, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na fedha za mfuko wa Gates, iliendesha mradi mkubwa wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki, pamoja na Pemba. Lengo lilikuwa kufikia mbwa 70 katika kila 100, kiwango ambacho kikifikiwa ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tatizo ni kwamba watu wengi waliwaacha nyumbani mbwa wadogo wakidhani bado ni wachanga mno. Mbwa mdogo naye achanjwe, maana ndiye anayechezewa na watoto kutwa. Paka naye achanjwe. Ukitaka kuchukua mtoto wa mbwa, muulize mwenye naye kama mama yake alichanjwa, kisha mpeleke kwa afisa mifugo kabla hajazoea mkeka wako. Apewe na dawa ya minyoo papo hapo.

Mtoto aking'atwa au akikwaruzwa mpaka ngozi ikachubuka, au akilambwa kwenye kidonda, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Usipake pilipili, wala majivu, wala mafuta ya taa, wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo haipatikani katika kila zahanati, kwa hiyo ulizeni mapema, hata kabla hamjamleta mbwa nyumbani, ni hospitali ipi iliyo nayo. Sindano ni za zamu, wala usikatishe kwa sababu kidonda kimekauka. Na kama umechelewa siku kadhaa, nenda hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine linalotuponyoka. Mtoto anayempenda mbwa wake huficha kung'atwa. Anaogopa kupigwa, na zaidi anaogopa mbwa auawe. Anavaa kaptura ndefu, anakaa kimya. Zungumza naye siku ya kwanza kabisa mnyama anapoingia nyumbani: "Akikuuma, hata kidogo, niambie. Sitakupiga." Kisha siku hiyo ikifika usimpige kweli. Mbwa au paka aliyemng'ata mtu, kama yu mzima na anaweza kufungwa, huangaliwa kwa siku 10 akiwa hai. Akiendelea kuwa mzima mpaka mwisho wa siku hizo, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma. Mtoto yeye aanze sindano bila kungoja siku hizo zitimie. Mkimwua mbwa haraka kwa hasira mmepoteza njia hiyo ya kujua.

Wanyama wa porini wabaki porini. Vijana wakifyeka mashamba huleta watoto wa komba na ngedere, na watoto wetu huwapokea kwa furaha. Ngedere akikomaa huuma, na meno yake si ya mchezo. Komba naye ana habari ya kwetu hasa: katika misitu ya Rondo na Litipo, hapa hapa mkoani Lindi, yupo komba mdogo wa gramu 60 hivi, mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa, ambaye amewahi kuwekwa katika orodha ya jamii 25 za nyani na komba zilizo hatarini zaidi duniani kote. Mtu asimfungie kwenye tenga. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo hairuhusu kufuga wanyama hao bila kibali. Mwaka 2003 watu kadhaa huko Marekani waliugua ndui ya nyani kutokana na wanyama wadogo wa kufugwa, waliokuwa wamewekwa pamoja na panya wa porini kutoka Ghana. Magonjwa ya porini hayabishi hodi.

Mwisho, mnyama atakufa siku moja, huenda mapema. Usimdanganye mtoto kwamba ametoroka, atakesha akimwita. Usikimbilie kuleta mwingine wa rangi ile ile jioni hiyo hiyo, atamtambua. Mwache alie, achimbe shimo pamoja na wewe, refu kiasi cha kutofukuliwa na fisi. Ila kama ni mbwa au paka aliyekufa baada ya kumng'ata mtu, au aliyebadilika tabia, akatokwa na mate na kuuma ovyo, msimguse kwa mikono mitupu wala msimfukie kabla afisa mifugo hajaarifiwa, kwa kuwa ubongo wake ndio unaopimwa, na majibu hayo huwasaidia waganga kujua ni nani mwingine pale kijijini anayehitaji sindano.