Mamba na Gari la Betri: Nani Mlafi Zaidi?

Akina mama na akina baba wa Bujumbura, leo tufungue daftari la matumizi ya nyumbani tufanye hesabu mbili: ya kumnunulia mtoto gari la kuchezea la betri, na ya kumfuga zimwi.

Zimwi letu ni Gustave, mamba wa Mto Rusizi na Ziwa Tanganyika, aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye. Urefu wake ulikadiriwa kupita mita 6. Waliofiwa kando ya maji hayo hawana la kucheka. Tunayemfanyia mzaha ni yule wa hadithi, aliyekuzwa zaidi na filamu ya Primeval ya mwaka 2007.

Haya, tumfuge. Kwanza banda. Mtego wa chuma aliotengenezewa, ulioonyeshwa katika filamu ya mwaka 2004, ulikuwa na urefu wa mita 9 hivi na uzito wa tani moja, na bado hakunaswa. Pili chakula. Siku za mwisho aliwekewa mbuzi mzima. Usiku ikavuma dhoruba, na kulipokucha mbuzi hayupo wala mamba hayupo. Hasara hiyo iandikwe. Lakini tumpe haki yake: mamba mkubwa aweza kukaa miezi kadhaa bila kula.

Sasa gari. Tuseme linakula betri 4 kwa wiki. Kwa mwaka ni betri 208, wala halijui kufunga hata siku moja. Likinyimwa, mtoto hulia, na betri za redio ya baba huhama usiku. Zilizokwisha hutupwa mtaroni, mvua ikazisukuma ziwani, kulekule mji wetu unakopata maji ya kunywa.

Hakuna mtu wa Buyenzi atakayempokea Gustave uani bila kuuliza kwanza, "Anakula nini?" Gari hatuliulizi hivyo, twauliza bei tu.

Basi kabla ya kulipa, muulize mwenye duka betri ni ngapi na hudumu siku ngapi, kisha zidisha kwa mwaka mzima. Hesabu ikikushinda, kuna gari la waya na mpira wa majani makavu ya migomba. Hivyo havili kitu, na mtoto hujifunza kuviunda mwenyewe.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Gari la betri walikuwa hawajaliona.