Daftari la Wiki: Bata Wana Mwenyewe, Maji Je?

Cookham ni kijiji cha Berkshire, Uingereza, ukingoni mwa Mto Thames, na Julai ikifika ndege wa hapo huhesabiwa kwa heshima ambayo karani wa sensa hajapata kuionyesha kwa binadamu.

Shughuli yenyewe ni hii. Wiki ya tatu ya mwezi huo, mashua za makasia hupanda mto kutoka Sunbury hadi Abingdon, safari ya siku tano. Wapo watu wa mfalme, wamevaa sare nyekundu, na wapo wa vyama viwili vikongwe vya London: cha wauza mvinyo na cha watia rangi vitambaa. Vyama hivyo vina haki ya kumiliki bata maji wa mto huo tangu karne ya 15. Zamani bata waligombewa kwa sababu waliliwa kwenye karamu za wakubwa. Siku hizi hakuna anayewala, lakini umiliki umebaki palepale, na sare haijafifia.

Familia ya bata ikionekana, ukelele hupigwa, mashua huizingira na kuisukuma polepole ukingoni. Hapo ndipo utani unapokwisha. Bata maji si kuku wa kukamatwa mguu mmoja. Ana bawa la kumfanya mtu mzima afikirie upya. Hufungwa kwa ustadi, vifaranga hupimwa uzito, hukaguliwa kama wamenasa ndoana za wavuvi, huvishwa pete, kisha wote hurudishwa majini wakiwa na hasira zao. Zamani alama ilichanjwa mdomoni: chale mbili za wauza mvinyo, moja ya watia rangi. Wa mfalme hakuchanjwa kabisa. Asiye na alama ndiye wa mkubwa, na mkubwa hakuhitaji kujieleza.

Wa kucheka acheke, lakini ni hesabu hiyo iliyoonyesha kwamba vifaranga walikuwa 155 mwaka 2022, na mwaka uliofuata wakawa 94. Mafua ya ndege yalitajwa, na mbwa walioachiwa ovyo, na manati. Manati! Mtu anatoka nyumbani kwake asubuhi, anachagua kijiwe, anamlenga ndege wa mfalme. Bila wale wenye sare nyekundu, nani angejua?

Basi bata wana mwenyewe. Maji je?

Machi 2024, wapiga makasia wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walionywa wasiingie ndani ya Thames hiyohiyo, huko London, kwa sababu ya bakteria wa kinyesi. Mei 2025, mamlaka ya kusimamia huduma za maji iliipiga kampuni ya Thames Water faini ya pauni milioni 122.7. Kati ya hizo, milioni 104.5 zilihusu majitaka, na zilizobaki zilihusu gawio la wenye hisa. Ndiyo, gawio. Kifaranga mmoja akipotea, kuna daftari la kumwandika; choo kikifunguliwa mtoni, huitwa mawakili.

Tuvute pumzi. Kule Bourton-on-the-Water, Gloucestershire, kila mwisho wa Agosti timu mbili za watu sita sita hucheza kandanda katikati ya Mto Windrush, magoli yamesimikwa majini. Nani ameotea, refa mwenyewe hajui.

Kijiji hichohicho kina mfano wake mdogo wa mawe, uliofunguliwa 1937, na ndani ya mfano kuna mfano wa mfano. Haya.

Turudi Cookham. Daftari hili lina udhaifu kwa vibao vinavyoomba jambo kwa ustaarabu, na mfalme wa vibao hivyo alikuwa mwana wa kijiji hicho. Stanley Spencer, mchoraji, alizaliwa hapo 1891. Alipokwenda kusoma sanaa London, wenzake walimbandika jina la "Cookham", maana kila jioni alipanda treni kurudi kwao. Picha yake ya hao bata aliianza 1915, vita ikamchukua, akaja kuimaliza 1919. Baadaye akachora ufufuo wa wafu, na wanaotoka makaburini ni watu wake wa kawaida, katika uwanja wa kanisa la kijiji. Wanajinyoosha kama walioamka usingizi wa mchana.

Uzeeni alisukuma rangi na turubai zake kwenye kigari cha mtoto, pamoja na kibao cha kuwaomba wapita njia, kwa adabu zote, wasimsemeshe. Jirani gani wa kijijini ataambiwa asisalimie na asinune? Hawa walimwacha achore. Alifariki 1959. Kanisa la Kimethodisti alilopelekwa utotoni ni jumba la picha zake tangu 1962, na kigari kimo humo.

Anayetaka kuwaona bata wakihesabiwa mwakani aulize siku mapema, na treni abadilishe Maidenhead.