Miaka 13 haitoshi, shule ya msingi ianze mapema

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, iliweka umri wa miaka 16 kwa mtoto kuridhia mwenyewe taarifa zake zitumiwe na huduma za intaneti. Lakini iliruhusu nchi wanachama kushusha umri huo hadi miaka 13. Ubelgiji ilichagua 13.

Hapa Brussels mtoto humaliza shule ya msingi akiwa na miaka 12 hivi. Mwaka mmoja baadaye sheria inamfungulia mlango. Je, nani amemfundisha kuupita? Wazazi wengi, wakiwemo wenzetu wa Afrika Mashariki, humnyang'anya simu tu. Simu ikifichwa, mtoto hajajifunza chochote.

Dawa ipo, wala si ngeni. Mwaka 1924 mwalimu Mfaransa Célestin Freinet aliingiza mashine ya kuchapia darasani. Wanafunzi wakaandika, wakachapa na kupelekeana maandishi na shule nyingine. Intaneti inairahisisha kazi hiyo hiyo. Mtoto wa miaka 9 aandike habari za darasa lake, mwalimu azisome kwanza na kumuuliza: Picha hii ni ya nani? Mwenyewe amekubali? Maneno haya umeyatoa wapi? Kisha wanafunzi wa shule nyingine watoe maoni, naye ajizoeze kujibu bila matusi.

Adabu ya mtandaoni haizaliwi siku mtoto anapotimiza miaka 13. Samaki mkunje angali mbichi.